Bima ya boti nyembamba za mifereji (Uingereza): anzeni kusoma pale walipoandika hawatalipa

Mkaazi wa Mferejini

Wakuu, salaam.

Kila mtu akija humu kuulizia kununua boti aishi ndani kwa sababu kodi ya nyumba London imemshinda, maswali ni yale yale: bei, jiko, choo, na baridi ya Januari. Bima inakumbukwa siku boti imeshalipiwa na mtu anataka namba ya bima haraka ili apate leseni. Hapo anachagua ya bei ya chini kuliko zote, analipa, anafunga kompyuta. Uzi huu nauandika kwa ajili ya huyo, kabla hajalipa.

Nazungumzia boti za chuma, ndefu na nyembamba, wanazoziita narrowboat. Upana wake hauvuki futi 7, kwa kuwa loki nyingi (vile vyumba vya maji vyenye malango, vya kupandisha na kushusha boti) za mifereji ya katikati ya England zilijengwa kwa upana huo tangu enzi za James Brindley, mhandisi wa mifereji wa karne ya 18. Urefu unaweza kufika futi 70 na kidogo, ila wengi tunaoishi ndani tuko kati ya futi 40 na 60.

Sheria kwanza. Mifereji mingi ya England na Wales iko chini ya Canal & River Trust, shirika la hisani lililorithi kazi ya British Waterways, mamlaka ya serikali ya mifereji, mwaka 2012. Kwa sheria ya mwaka 1995 hupati leseni mpaka uwe na cheti cha usalama cha Boat Safety Scheme (kinadumu miaka 4), bima ya mtu wa tatu, na ama maegesho ya kudumu, ama uwaridhishe kwamba utakuwa safarini kweli na hutakaa mahali pamoja zaidi ya siku 14 mfululizo. Hiyo bima inayodaiwa ni ya kumlipa mwenzako ukimgonga au ukimuumiza. Boti yako, injini yako, kitanda chako, sheria haina habari navyo.

Tuliozoea bima za magari nyumbani tutasema bima ndogo (ya mtu wa tatu tu) na bima kubwa (inayolipa na boti yako), na ndivyo ilivyo. Kwa boti ya kawaida, bima ndogo mara nyingi haifiki pauni 150 kwa mwaka, na kubwa huangukia kati ya 200 na 400 kutegemea thamani, umri wa boti na mahali unapoiweka. Mtu anaona tofauti hiyo, anachukua ndogo. Sawa, lakini asome kwanza kama ndani yake kuna gharama za kuondoa boti iliyozama. Kwa sheria ya mwaka 1983, kifungu cha 8, wenye mfereji wana haki ya kuitoa boti iliyozama au iliyotelekezwa na kumdai mwenyewe gharama. Kreni, pampu, wapiga mbizi, kusafisha dizeli iliyosambaa majini: hizo ni pauni maelfu, na unazilipa kwa chombo ambacho hata hakikaliki tena. Bima ndogo isiyo na kipengele hicho mimi simshauri mtu yeyote.

Na sasa sababu hasa ya kuandika. Watu wanalinganisha bima kwa bei. Mimi nawaomba mlinganishe kwa namna boti hizi zinavyozama, kwa sababu zinazama kwa njia chache zinazojulikana, na kila njia ina sentensi yake ndani ya mkataba.

Njia ya kwanza ni shimoni mwa loki. Unashuka, maji yanapungua, tezi ya boti (sehemu yake ya nyuma) imekaa nyuma mno, inakalia kile kizingiti cha zege chini ya lango la juu. Omo, yaani mbele, inaendelea kushuka na maji huku nyuma imening'inia. Ndani ya dakika moja au mbili maji yanaingia kwa milango ya mbele. Ule mstari mweupe uliochorwa ukutani mwa loki upo kwa ajili hiyo. Hii ni ajali, na bima kubwa nyingi zinailipa.

Njia ya pili ni kifuniko cha kusafishia propela. Juu ya propela kuna tundu lenye mfuniko wa chuma. Mfuko wa plastiki ukijizungusha kwenye shafti unazima injini, unafungua mfuniko, unaingiza mkono mpaka kwenye bega ndani ya maji ya baridi na kisu chako, unakata. Ukiurudisha bila kuikaza ile parafujo mpaka mwisho, ukiwasha injini tu propela inasukuma maji yaingie chumba cha injini. Mikataba mingine inalipa uzembe wa kibinadamu wa namna hii, mingine imeandika kuwa mwenye boti awe amechukua tahadhari zinazostahili. Ulizeni.

Ya tatu ndiyo inayoleta ugomvi mkubwa. Pale shafti inapotoka nje ya boti kuna mahali panapobanwa kwa grisi na nyuzi za kuzuia maji. Huwa panadondosha tone moja moja, ni kawaida. Pampu ya ngama, yaani ya maji yanayojikusanya chini ndani ya boti, inayatoa. Mwenyewe anasafiri, mwezi Desemba sola haichaji, betri inakufa, pampu inasimama. Tone linaendelea. Tezi inazidi kuzama kidogo kidogo mpaka matundu ya hewa ya injini yanafika usawa wa maji, na kuanzia hapo haichukui muda. Kampuni ya bima itaita hiyo ajali au uchakavu? Uchakavu, kutu na ukosefu wa matunzo havilipwi karibu na mkataba wowote. Jirani yangu yalimkuta hayo. Alilipwa, na kilichomwokoa ni risiti za kubadilisha zile nyuzi pamoja na picha alizopiga kila alipotia grisi. Mtathmini wa hasara aliyekuja aliuliza hizo risiti kabla hajauliza kitu kingine.

Karibuni, na wenye uzoefu muongeze.

Kiboko_wa_Ziwa

Mkuu umeeleza vizuri ila mimi natofautiana nawe kwenye bima kubwa. Boti yangu niliinunua pauni elfu 18, ya zamani. Nina bima ndogo ina kipengele cha kuondoa mabaki. Kubwa ya nini? Hizo kampuni siku ya kulipa zina maneno mengi. Hiyo tofauti naiweka pembeni kila mwaka kwa ajili ya matengenezo.

Mkaazi wa Mferejini

@Kiboko_wa_Ziwa kama elfu 18 ikipotea kesho una mahali pa kulala na una uwezo wa kuanza upya, hesabu yako inasimama na sikupingi. Na ukitumia hizo hela kupaka lami chini ya boti na kubadilisha anodi (vipande vya chuma vinavyoliwa badala ya boti), umefanya kazi ya maana kuliko karatasi. Ninaowahofia ni waliokopa. Aliyenunua boti ya elfu 60 kwa mkopo hana uchaguzi, mkopeshaji atamdai bima kubwa. Na aliyetoa akiba yake yote, hiyo boti ndiyo nyumba yake pekee, pauni 200 kwa mwaka asizionee uchungu.

binti_Tanga

Shikamooni wakubwa. Mimi ndiyo kwanza natafuta. Nimeona moja Northamptonshire, ya mwaka 1991, futi 57, ndani nzuri sana, mbao mpya, jiko jipya. Muuzaji ana ripoti ya ukaguzi ya 2017 anasema inatosha kwa bima. Nichukue bima gani kwa boti ya umri huo?

Fundi Chuma Walsall

Marahaba binti. Acha mbao mpya, uliza chuma.

Mimi kazi yangu ni kuchomelea hizi boti, kwa hiyo nikueleze ninachokiona. Boti nzuri za miaka hiyo zilianza na bati la milimita 10 chini, 6 ubavuni, 4 juu kwenye chumba. Nyingine zilianza na 6 chini na 5 ubavuni. Umri wa miaka thelathini na kitu, kampuni nyingi hazikupi bima kubwa bila ripoti ya ukaguzi wa nje ya maji. Wengine wanaanza kuidai boti ikifika miaka 20, wengine 25, wengine 30, na ripoti isiwe ya zamani. Ya 2017 hawataiangalia.

Mkaguzi anafanya nini: boti inapandishwa juu, inaoshwa kwa maji ya nguvu, anapita na nyundo akisikiliza mlio, kisha anakwangua lami sehemu kidogo na kuweka kile kipimo cha mawimbi ya sauti. Anaandika kwa chaki pale pale ubavuni. Utaona 5.8, 5.6, 5.7, unafurahi. Halafu ukifika nyuma, usawa wa maji, unakuta 4.4, na chini kidogo yake kishimo cha kutu kimebakiza 3.6. Hicho kimoja kinakufungia mlango, kwa sababu kampuni nyingi mpaka wao ni milimita 4. Hapo inabidi kuongeza bati jipya juu ya lile la zamani, na hiyo ni kazi ya pauni maelfu. Ni bora ulijue kabla hujalipa, upunguziwe bei.

Na boti iliyokaa marina (bandari ndogo ya kuegeshea boti) miaka mingi imechomekwa umeme wa gatini bila kifaa cha kuzuia mkondo kupita kwenye waya wa ardhi, iangalie mara mbili. Chuma chake kinaliwa na boti za jirani kupitia waya huo huo.

Mzee wa Lamu

Fundi umenikumbusha majahazi. Kwetu chombo hakikai bila kukiegesha pwani, kukisugua na kukipiga deheni. Aliyechelewesha deheni hakuwa na wa kumlaumu. Hiyo lami yenu mnapaka kila baada ya muda gani?

Fundi Chuma Walsall

@Mzee wa Lamu kila miaka 2 au 3 kwa lami ya kawaida, mzee wangu. Ndiyo deheni yetu. Na hapo hapo unaangalia anodi za magnesi, maana maji ya mifereji ni ya chumvi kidogo mno, zinki haifanyi kazi. Risiti ya lami iweke faili moja na bima.

Mkaazi wa Mferejini

@binti_Tanga msikilize fundi. Mimi niongeze moja: ripoti ya muuzaji, hata ingekuwa ya mwaka jana, iliandikwa kwa ajili ya muuzaji. Mkaguzi yule hawajibiki kwako. Tafuta wako, umlipe wewe, ripoti iandikwe jina lako. Utatoa mia kadhaa za pauni na gharama ya kupandisha boti juu, na ni hela unayoitoa hata kama mwishoni hutainunua.

Kuhusu aina ya bima: kabla ya bei waambie ukweli kwamba utaishi ndani. Mikataba mingi ya bei nafuu ni ya watu wa wikendi na likizo. Namfahamu mtu aliyejaza fomu kuwa anaitumia kwa starehe huku analala humo mwaka mzima. Jiko la kuni likaunguza sebule, kampuni (jina naliacha) ikakuta barua zake za benki, nguo za mwaka mzima, mashine ya kufulia. Dai likakataliwa. Kwa sheria ya 2012 ya bima za watumiaji, wewe unatakiwa kujibu maswali yao kwa uangalifu unaostahili. Ukikosea kwa kutokuwa makini, wanaweza kukupunguzia fidia kwa uwiano wa ada uliyopaswa kulipa, au hata kukataa kabisa kama kwa ukweli ule wasingekupa bima. Ukidanganya makusudi, wanaufuta mkataba na ada wanabaki nayo.

Sudi_E17

Mkuu hapo pa kuishi ndani bila maegesho ndipo nilipokwama. Mimi nahama kila wiki mbili, leo Tottenham, kesho kutwa Hackney, halafu Kensal Green. Fomu nyingi zinadai anwani. Nikiweka ya dada yangu Leyton si nitakuwa nimedanganya?

Mkaazi wa Mferejini

@Sudi_E17 si uongo ukiiita jina lake. Anwani ya dada ni ya kupokelea barua, siyo mahali boti inapolala. Fomu ya mtandaoni mara nyingi haina nafasi ya kueleza hivyo, kwa hiyo piga simu au tumia dalali wa bima za boti, umwambie: sina maegesho ya kudumu, nasafiri mfululizo, naishi ndani, barua zangu zinakwenda anwani fulani. Wapo wanaowachukua watu wa aina yako bila shida, na wapo wanaokataa. Anayekataa leo ni afadhali kuliko anayekubali leo bila kujua na kukukataa siku ya moto.

Na kama umeweka betri za lithiamu au unachaji baiskeli ya umeme ndani, litaje pia bila kuulizwa. Siku hizi wanaliangalia sana.

Umm Rayyan

Assalaam alaykum. Mume wangu ana shaka na bima kwa upande wa dini. Kuna lazima kuchukua ile kubwa?

Mkaazi wa Mferejini

Wa alaykum salaam dada. Kinacholazimishwa na sheria ni ya mtu wa tatu peke yake, na bila hiyo hakuna leseni. Kubwa ni hiari, isipokuwa mkopeshaji au marina imeidai. Suala la hiari hiyo akae na shekhe anayemwamini. Mkibaki na ndogo, hakikisheni tu ina kuondoa mabaki na kiwango cha fidia kinachokubalika mnakoegesha. Nyingi zinaanzia pauni milioni 2 au 3.

Kiboko_wa_Ziwa

Kuna hili la barafu pia mngelisema. Rafiki yangu alienda Mwanza likizo ya Desemba, alirudi akakuta mabomba yamepasuka, tangi lote la maji limemwagika chini ya sakafu. Kampuni ya bima ikamwambia hakumwaga maji kabla ya kuondoka.

Mkaazi wa Mferejini

Umefanya vizuri kulitaja. Mikataba mingi ina kipengele cha majira ya baridi, kwa kawaida kuanzia Novemba mpaka Machi. Ukiiacha boti bila mtu, lazima uwe umemwaga maji kwenye mabomba, kwenye tangi la maji ya moto na kwenye injini kama inapoozwa na maji ya mfereji. Au kama injini ina mfumo wake uliofungwa, uwe na dawa ya kuzuia kuganda. Sisi tunaokwenda nyumbani Desemba ndio hasa tunaoandikiwa kipengele hicho. Siku ya kuondoka fungua bomba zote, ziache wazi, piga video fupi yenye tarehe. Mwachie mtu ufunguo aje aangalie ngama na betri. Mikataba mingine imeandika kabisa boti isikae muda gani bila kutembelewa.

Kuna jingine watu hawalitegemei: mfereji wenyewe kubomoka. Machi 2018 ukingo wa tawi la Middlewich la mfereji wa Shropshire Union ulibomoka, maji yakamwagikia mto Wheelock, boti zikabaki zimelala matopeni. Marekebisho yalichukua miezi. Uliza kama bima yako inalipa kuihamisha boti iliyonaswa namna hiyo kwa kreni na lori, na kama ikiwa juu ya lori bado imekatiwa bima.

Sudi_E17

Na Thames? Nataka mwezi wa tano nitoke Limehouse nipande mpaka Brentford.

Mkaazi wa Mferejini

Hapo ni maji ya kupwa na kujaa, na bima nyingi za narrowboat zimeandikwa kwa maji ya ndani yasiyopwa wala kujaa. Thames yote chini ya Teddington inahesabika ya kupwa na kujaa. Wengine wanaruhusu safari hiyo ukiwaarifu mapema na kutimiza masharti yao: nanga ya kutosha, majaketi, redio ya VHF, watu wa kutosha ndani. Wengine hawaruhusu kabisa. Severn kati ya Bristol na Sharpness wanaiogopa zaidi. Usifungue loki ya Limehouse mpaka una barua pepe yao.

Cheti cha RYA (chama cha waendesha boti Uingereza) cha kuendesha boti za maji ya ndani si lazima kwa boti binafsi, lakini baadhi wanapunguza ada ukiwa nacho, na kitakusaidia huko unakotaka kwenda.

binti_Tanga

Nimempigia dalali leo asubuhi. Kanipa bei mbili, moja 265 na nyingine 310. Tofauti aliyosema ni kwamba ya 310 ni ya "thamani mliyokubaliana". Ile nyingine ni bei ya sokoni. Nichukue ipi?

Mkaazi wa Mferejini

Ya 310, kama mengine yote yako sawa. Kwenye thamani mliyokubaliana, boti ikipotea kabisa mnakuwa mlishaandikiana elfu ngapi. Kwenye bei ya sokoni, mjadala wa boti ya 1991 ilikuwa na thamani gani unaanza siku umesimama ukingoni huna pa kulala, na anayelipa ndiye anayependekeza namba. Angalia tu thamani hiyo iendane na ripoti ya mkaguzi. Angalia pia kiasi cha kwanza utakachobeba mwenyewe kwenye kila dai. Kama ya 265 inakuachia pauni 500 na hii 150, tofauti ya ada imeshakwisha.

Ukishakata una siku 14 za kubadili mawazo. Zitumie kusoma mkataba mzima. Na mwakani usiache ijihuishe yenyewe. Ile sheria ya Januari 2022 inayozuia mteja wa zamani kutozwa zaidi ya mteja mpya ni ya nyumba na magari, boti hazimo.

Kiboko_wa_Ziwa

Na wakigoma kulipa?

Mkaazi wa Mferejini

Andika malalamiko rasmi kwao. Wana wiki 8 za kukupa jibu la mwisho. Wasipojibu, au jibu likiwa baya, unakwenda Financial Ombudsman Service (msuluhishi wa malalamiko ya bima na benki), bure, ndani ya miezi 6 tangu jibu hilo. Huhitaji wakili. Unahitaji zile risiti, picha, na barua pepe za kila ulichowaambia.

binti_Tanga

Asanteni sana. Dalali kakubali yote kwa simu: kuishi ndani, kuondoa mabaki, thamani ya kukubaliana. Mkaguzi wangu anakwenda Alhamisi. Kama chuma kiko salama nalipa wiki ijayo, naichukua mwisho wa mwezi.

Mkaazi wa Mferejini

Hongera. Mawili kabla hujalipa. Hayo aliyokubali kwa simu akuandikie, moja moja. Na bima ianze saa ile hela inapotoka benki, usisubiri siku ya kuichukua. Kati ya siku hizo mbili boti iko kwa muuzaji lakini ikizama imezama ya kwako.